Simba wa Kreta ya Ngorongoro wote ni ndugu: tuwaletee damu mpya au tuwaache?

#1 DerevaNyika
Wakuu habari za jioni. Naomba tujadili hili kwa hoja, matusi yapelekwe uzi mwingine.

Kazi yangu ni kushusha wageni Kreta na swali ambalo halikosekani ni hawa simba wanatoka wapi. Ukweli hawatoki popote, ni wa humo humo. Mwaka 1962 mvua zilipitiliza, nzi wanaouma wakazaliana kupita kiasi, simba wakafyonzwa damu mpaka ngozi zikawa vidonda vitupu, wengine walionekana wanapanda miti na wengine wanajibanza kwenye mashimo ya fisi kuwakimbia hao nzi. Waliopona inasemekana ni majike 9 na dume 1. Kati ya 1964 na 1965 wakaingia madume 7 kutoka nje, na baada ya hapo wageni wakawa nadra mno. Yaani simba wote mnaowaona kwenye picha za watalii wametoka kwa wazazi walewale kama 15 hivi, maana hata kati ya hao wachache si wote walioacha kizazi.

Sasa Serengeti ipo pale pua na mdomo, ina simba maelfu. Hoja yangu: wataalamu wa vinasaba wapime, wachague madume vijana wanne watano wa Serengeti, wawashushe Kreta, damu ichanganyike basi. Faru tunahamisha, simba ana nini? Kwanini hili halifanyiki?

#2 KijanaWaMtoWaMbu
Mada tamu, naweka kambi hapa. DerevaNyika usije ukatupa swali halafu ukapotea kama ule uzi wa tumbili.

#3 BintiMaabara
Asante mleta mada. Mimi nasomea vinasaba vya wanyamapori kwa hiyo nianzie hapo. Ulichosema kina ushahidi wa siku nyingi. 1987 watafiti walilinganisha mbegu za kiume za simba wa Serengeti, wa Kreta na wale wa Gir kule India ambao nao waliwahi kubaki wachache sana. Serengeti wako vizuri, Kreta mbegu zenye kasoro zilikuwa nyingi zaidi, na Gir ndio walikuwa na hali mbaya kuliko wote.

Kinachotokea ni hivi. Kila mnyama ana nakala mbili za kila jeni, moja ya baba moja ya mama. Jeni mbovu mara nyingi inafunikwa na nakala nzima ya upande wa pili, mnyama anaishi wala hujui kama ana kitu. Wakizaana ndugu kwa ndugu mtoto anaweza kupokea nakala ileile mbovu pande zote mbili, hapo hakuna tena cha kuifunika, ndo unaona mimba zinaharibika, watoto wanakuwa dhaifu, mbegu zinakuwa mbovu.

Na dawa yake imeshajaribiwa. Florida kule Marekani puma (paka wakubwa wa porini) walibaki kama 20 hadi 30, mikia imejikunja nchani, madume korodani hazishuki, wengine wana tundu kwenye moyo. 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas. Watoto wa mchanganyiko wakatoka na afya, kasoro zikapungua, idadi ikapanda mpaka ikapita 100. Kwa hiyo DerevaNyika wazo lako lina rekodi, watu wameshalifanya.

#4 MzeeMstaafu
Vijana hamjambo. Nimekaa porini na bunduki ya serikali umri wangu wote wa kazi, naomba mnisikilize kidogo.

Kama damu ndio tatizo, hao simba 15 waliwezaje kuongezeka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1980 wakapita 100 humo ndani? Ndugu hao hao, wamezaana hao hao, na wakajaa. Walioshuka baadaye ni watoto wa hao waliojaa. Mimi siamini habari ya mbegu, dume mwenye mbegu nusu mbovu bado anapandisha na jike anazaa, tulikuwa tunawaona.

Na kuhusu wageni kuwa nadra, miaka ile Kreta ilikuwa na madume wengi wanatembea wanne watano pamoja, mgeni akichungulia anakula kipigo. Hawakuzuiwa na binadamu, walizuiwa na wenye nyumba.

#5 BintiMaabara
Shikamoo mzee. Hoja ya madume wenyeji kuwazuia wageni hata watafiti wa simba waliiandika, nakubaliana nayo kwa miaka hiyo. Ila hiyo ya kuongezeka mpaka 100 haimalizi kesi. Mavuno ya kuzaana ndugu yanaweza kuchelewa vizazi kadhaa, na chakula Kreta ni kingi mno, nyumbu na pundamilia wapo mwaka mzima, kwa hiyo hata jike asiye na nguvu sana analea.

#6 MzeeMstaafu
Marahaba binti yangu. "Yanaweza kuchelewa" ni neno la mtu asiyetaka kushindwa 😄

#7 DaktariWaNgombe
Mzee kagusa penyewe lakini hajamalizia. Kilichowashusha simba wa Kreta ni magonjwa, na hili lina karatasi. Mtanzania mwenzetu Bernard Kissui pamoja na Craig Packer walichapisha 2004 uchambuzi wa rekodi za miaka arobaini ya Kreta na wakaonyesha kwamba idadi haifuati chakula, inashuka kila ugonjwa unapopita. Nzi 1962, halafu milipuko ya miaka ya 1990, halafu 2001 distempa, ule ugonjwa wa virusi wa mbwa.

Tena distempa peke yake mara nyingi haiui hivyo. Mchezo wenyewe ni huu: ukame unapiga, nyati wanadhoofika, mnyama dhaifu anabeba kupe wa kutisha, ukimgusa mkono unateleza juu ya kupe. Simba anaua hao nyati kirahisi, anakula, kupe na vijidudu vyao vinahamia kwake, vile vya kukojoa damu ambavyo wafugaji mnavijua. Simba yule kwa kawaida angevumilia. Distempa ikija wakati huohuo kinga inaporomoka, vijidudu vya kupe vinajaa kwenye damu, mnyama amekwisha. Ilitokea Serengeti 1994 na Kreta 2001, na wataalamu walieleza huo mchanganyiko kwenye utafiti wa 2008.

Sasa swali kwa BintiMaabara: Serengeti 1994 simba kama 1,000 walikufa, theluthi nzima. Wale hawana shida ya undugu. Jeni ziliwasaidia nini?

#8 BintiMaabara
Daktari swali zuri. Ziliwasaidia kurudi, Serengeti baada ya 1994 iliinuka ndani ya miaka michache. Kreta haikuinuka vile.

Halafu tusitenganishe jeni na ugonjwa. Kuna jeni zinazotengeneza kinga, zile zinazotambua kijidudu kigeni, na faida yake iko kwenye kutofautiana. Mkiwa na aina nyingi, kijidudu kinachompita mmoja kinakwama kwa mwingine. Mkifanana wote kikimpata mmoja kimewapata wote. Angalieni duma. Miaka ya 1980 watafiti walibandika kipande cha ngozi ya duma mmoja kwa duma mwingine asiye ndugu yake wa karibu na mwili ukapokea kama ni ngozi yake mwenyewe, yaani wanafanana kiasi hicho. Kipindi hicho hicho kwenye bustani moja ya wanyama huko Oregon virusi vya korona vya paka viliingia, duma zaidi ya nusu wakafa, na simba waliokuwa bustani ileile hawakuguswa.

#9 Madoadoa
Hapo kwa duma naomba niweke sawa. Hiyo hadithi imetumika sana mpaka watu wanadhani duma anaisha kwa sababu ya jeni. Bustani ni bustani, wanyama wamebanana. Huku Serengeti watafiti walifuatilia majike wenye watoto mapangoni na nyasini wakakuta watoto wengi mno wanauawa na simba na fisi kabla hawajajitegemea. Duma kaishi na huo ufanano wake maelfu ya miaka. Kinachomuua leo ni kukosa eneo.

#10 MtuWaWatu
Kwa hiyo duma tunawatetea dhidi ya simba halafu simba tunawaongezea nguvu. Naelewa kweli huu uzi?

#11 DerevaNyika
MtuWaWatu acha vurugu, Kreta duma wenyewe wa kuhesabu.

Daktari nimekuelewa, lakini kama ugonjwa ndio tatizo basi ndio sababu zaidi ya kuleta damu tofauti au nakosea? Mbona wote mnazunguka halafu mnarudi palepale.

#12 OlmurraniWaNainokanoka
Nimesoma wote sijaona mtu anataja sisi tunaoishi katikati. Kati ya Serengeti na Kreta kuna watu na ng'ombe. Dume kijana akifukuzwa na baba zake anatembea, hiyo ni asili yake, na wengi walianza safari ya kuja Kreta. Anafika kwetu usiku, anaingia bomani, anaua ndama. Asubuhi vijana wanatoka na mikuki. Hapo ndio damu mpya inapoishia wakuu, majanini, kilomita chache kabla ya ukingo.

Siku hizi kuna mradi wa KopeLion unawaajiri vijana wa kwetu, wanaitwa ilchokuti, kazi yao ni kujua simba yuko wapi, kuwaambia wafugaji wapitishe mifugo kwingine, kutafuta mifugo iliyopotea kabla simba hajaiona, kuziba boma lililotoboka. Nina ndugu yangu anafanya hiyo kazi. Simba anayepita salama kwetu ni damu mpya ya bure, hahitaji ndege wala sindano.

Ninachoogopa mimi ni mtu kuja na karatasi ya vinasaba akasema "mmeona, simba wamefungiwa kwa sababu ya hawa wafugaji, waondoke." Sayansi ikitumika hivyo tutaikataa.

#13 BintiMaabara
Kaka umeongea la maana kuliko sote. Na mimi nakuongezea, vinasaba vinaweza kuwatetea nyie. Ukipima simba wa Kreta leo na ukalinganisha na wa Serengeti unaona kabisa nani ni mtoto wa mgeni. Kama tangu vijana wenu waanze kazi wanaonekana watoto wenye baba wa nje, huo ni ushahidi kwamba mfugaji na simba njia yao inapitika. Usiikatae karatasi, shiriki kuiandika.

#14 OlmurraniWaNainokanoka
Tutaona. Asante dada.

#15 MchumiMbishi
Naomba niwe mkali kidogo. Haya mambo ya jeni ni pesa za wazungu na maonyesho ya wazungu. Mfano hai ni faru mweupe wa kaskazini. Dume la mwisho, jina lake Sudan, limekufa 2016, wamebaki majike wawili, mama na binti, na badala ya kukubali yaishe watu wanatoa mayai wanapeleka Ulaya, mabilioni yanateketea. Hizo hela mngewalipa askari wa doria, faru weusi wangapi wangepona?

#16 NjeriWaNanyuki
Salamu kutoka ng'ambo ya mpaka. MchumiMbishi rekebisha hapo, Sudan aliaga 19 Machi 2018 akiwa na miaka 45, hapa hapa Kenya, hifadhi ya Ol Pejeta. Waliletwa wanne kutoka bustani ya Dvůr Králové kule Czech mwisho wa 2009. Suni alikufa 2014, Sudan 2018, wamebaki Najin na bintiye Fatu.

Mayai walianza kutoa Agosti 2019. Najin alipumzishwa 2021 juu ya umri na afya, so sasa ni Fatu peke yake anatoa. Yai linapelekwa maabara Cremona nchini Italia, linarutubishwa kwa mbegu za madume waliokufa zilizokuwa zimegandishwa, kisha kiinitete kinahifadhiwa kwenye naitrojeni ya maji, digrii 196 chini ya sifuri. Atakayebeba ni faru mweupe wa kusini. 2023 walijaribu kwanza na kiinitete cha faru wa kusini ili kuona kama njia inafanya kazi, na mimba ikashika, ila yule mama Curra akafa kwa maambukizi ya bakteria baada ya mafuriko. Kijusi kilikuwa cha siku 70, urefu sentimita 6.4. Tulilia sana huku.

Shida unayofaa kuuliza Mchumi si pesa. Shida ni kwamba mayai yote ni ya mama mmoja na mbegu ni za madume wachache sana. Hata wakizaliwa kumi watakuwa ndugu, turudi kwa simba wa DerevaNyika. Ndio maana kuna watu wanashughulika na seli za ngozi za faru 12 wa kaskazini zilizogandishwa San Diego, wanazirudisha ziwe seli changa halafu wanajaribu kuzifanya ziwe mayai na mbegu. Zikikubali, wale waliokufa zamani wanaweza kuwa wazazi tena.

#17 MchumiMbishi
Mwaka sawa, 2018. Hoja inabaki. Faru hao waliishia Garamba kule Kongo kwa bunduki na vita. Jeni hazikuwaua. Ukiwazalisha hata hamsini, unawapeleka wapi?

#18 NjeriWaNanyuki
Swali halali na sina haraka ya kulijibu. Lakini faru wa kusini alibaki chini ya 100 mwisho wa karne ya 19 na leo wako maelfu kwa maelfu. Wangesema hivyo wakati ule tusingekuwa na mama wa kubeba mimba ya Fatu.

#19 Mpekuzi_K
Nirudi kwenye mada kwa sababu kuna upande haujaguswa. Damu mpya inaweza kuharibu pia. Milima ya Tatra huko Czechoslovakia ya zamani walileta mbuzi wa milimani kutoka Uturuki na Sinai wakawachanganya na waliokuwepo. Watoto wa mchanganyiko wakawa wanapandana mapema kuliko desturi ya pale, wakazaa katikati ya baridi kali kabisa, vitoto vikafa, kundi likaisha. Kwa hiyo kabla hujahamisha unapima kwanza kama wale wawili wametofautiana kiasi gani.

Halafu kuna mbwa mwitu wa kisiwa cha Isle Royale, Marekani. 1997 dume mmoja alivuka barafu akaingia kisiwani. Kila mtu akashangilia. Alikuwa na nguvu, akazaa sana, baada ya vizazi viwili vitatu karibu wote ni wa kwake, undugu ukarudi mbaya kuliko mwanzo. 2018 walibaki wawili tu, baba na binti yake ambao tena walikuwa wamezaliwa na mama mmoja. Ikabidi wapelekwe wapya kwa ndege.

Puma wa Florida ni hadithi nzuri lakini si hadithi pekee.

#20 DaktariWaNgombe
Hii ya Isle Royale ndio nilikuwa naitafuta. Unaleta dume mmoja bingwa na jeni zake mbovu za kujificha anazigawa kwa kila mtu.

#21 BintiMaabara
Ndio maana hupeleki mmoja na hupeleki mara moja. Na Serengeti na Kreta si Uturuki na Tatra, hao ni simba wa mbuga moja waliotenganishwa juzi. Mpekuzi hofu yako inafaa kama mtu angetaka kuleta simba wa mbali kabisa. Hluhluwe-iMfolozi Afrika Kusini walikuwa na simba waliotokana na wachache mno, afya ikashuka, kati ya 1999 na 2001 wakaongeza wapya na mambo yakabadilika.

Ila nakupa pointi moja. Kuna gorila wa milimani wa Virunga. Jenomu zao, yaani vinasaba vyao vyote, zilisomwa zikachapishwa 2015, wamezaana ndugu kwa muda mrefu sana, na ilionekana baadhi ya jeni mbaya kabisa zimechujika njiani kwa sababu waliozaliwa nazo pande zote mbili hawakuishi kuacha kizazi. Kwa hiyo kundi dogo la muda mrefu linaweza kusafika kiasi fulani. Simba wa Kreta wamekuwa wadogo kwa miongo michache tu, sidhani kama wamepata huo muda.

#22 Mkusanyaji
Mnaongelea kupima kama vile simba anakuja kliniki. Mimi ndio naokota 😅 ngoja niwaelezee.

Kinyesi cha simba unakiamkia mapema kabla jua halijapiga, jua linaua vinasaba. Kikiwa kipya ni cheusi, kinanuka mpaka macho yanatoa machozi, ndani manyoya ya nyumbu na vipande vya mfupa. Huchukui cha ndani, ndani kuna nyumbu. Unakwangua ule utando wa juu unaong'aa kwa kijiti, pale ndipo zilipo seli za utumbo wa simba mwenyewe. Unatia kwenye kichupa chenye spiriti, unaandika namba, mahali, tarehe, unabadilisha glovu, ndio uguse kingine. Ukisahau kubadilisha glovu umewachanganya simba wawili kuwa mmoja na maabara watakulaani. Uganda, Rwanda na Kongo gorila wa milimani wanahesabiwa hivyohivyo, wanafuata viota vya usiku, kila kiota mavi yake, ndio zilipatikana zile hesabu za 1,063.

Na kwa MchumiMbishi: kinyesi hicho hicho kiliwahi kukamata majangili. Samuel Wasser wa chuo kikuu cha Washington alikusanyiwa kinyesi cha tembo Afrika nzima, akatengeneza ramani ya vinasaba, ukimpa kipande cha jino lililokamatwa bandarini anakuambia tembo aliuawa wapi. 2015 walichapisha kwamba sehemu kubwa ya meno ya tembo wa savana yaliyokamatwa ilitoka kusini mashariki mwa Tanzania na jirani Msumbiji. Kipindi kile tembo wetu walishuka kutoka kama 109,000 mwaka 2009 mpaka kama 43,000 mwaka 2014. Doria bila kujua wapi pa kuipeleka ni kutembeza magari.

#23 MchumiMbishi
Hii nimeipenda, sikatai. Hii ni jeni inayofanya kazi ya askari. Ningeomba uzi wake.

#24 BwanaFuru
Habari kutoka Mwanza. Nyie mnalilia damu mpya, sisi huku damu mpya ndiyo iliyotumaliza.

Ziwa Victoria lilikuwa na ngege na mbiru wake wa asili. Miaka ya 1950 wakaletwa sangara na sato. Sangara tunajua alivyowala furu, wale samaki wadogo wa asili. Sato yeye alifanya kimyakimya, alipandana na wenyeji. Leo ukienda vile viziwa vya pembeni ambako ngege alijificha unaweza kuvua samaki ukashindwa kusema ni nani. Sato halisi mkia una mistari iliyosimama, inapangana vizuri, ngege hana. Sasa unakuta samaki mistari imefifia, ipo nusu, kichwa cha huyu umbo la yule. Mvuvi anasema ngege, mwenye bwawa anasema sato, wote wanakosea. Bila vinasaba hujui nani bado ni safi wa kuwekwa kando.

Na watu wanaendelea kugawa vifaranga vya sato kwenye mabwawa karibu na mito ambayo ina perege wake wa asili. Bwawa likifurika mara moja tu yametimia. Tembo ana watu wa kumsemea, ngege hana hata mmoja.

#25 MzeeMstaafu
BwanaFuru umenigusa, ngege wa utotoni nilimjua kwa utamu.

#26 Madoadoa
Turudi Kreta. Mbona hakuna anayeuliza habari za fisi? Wako Kreta ileile, ukuta uleule, wanafuatiliwa tangu 1996, makundi manane, na wako vizuri.

#27 Mkusanyaji
Kwa sababu fisi jike ana akili. Anapendelea dume aliyezaliwa au kuingia kwenye kundi baada yake, hapo baba na kaka wamejiondoa wenyewe, ndio maana madume wengi wanahama kundi. Halafu fisi anapanda ukingo anatoka na kuingia. Wafugaji wanamchukia ila mikuki wanamnolea simba.

#28 OlmurraniWaNainokanoka
Mkusanyaji hapo umekosea, fisi naye tunamuua, ila yeye hajionyeshi mchana.

#29 NjeriWaNanyuki
Mnamkumbuka faru Rajabu? Moru kule Serengeti majangili walimaliza faru weusi mpaka wakabaki majike. Rajabu akatoka Ngorongoro kwa miguu yake mwenyewe akawafuata, na faru wengi wa Moru ni wazao wake. Hiyo ni kazi ya vinasaba bila maabara. Ila ndio palepale, ukoo mzima dume mmoja, na baadaye ikabidi waletwe wengine kutoka Afrika Kusini, 2010, ambao asili yao ilikuwa faru wa Afrika Mashariki waliopelekwa huko miaka ya 1960.

#30 DerevaNyika
Asanteni sana, nimejifunza. Lakini nang'ang'ania, hakuna aliyesema kwa nini tusijaribu. Madume wanne, gari, sindano ya usingizi.

#31 MzeeMstaafu
Nakuambia mimi. Siku utakayoshusha madume wanne wageni, wakiwashinda wenyeji, kitu cha kwanza ni kuua watoto wote wadogo ili majike warudi joto. Kreta ina makundi machache. Umepoteza watoto wa mwaka mzima kwa mkono wako, mbele ya watalii. Wasipowashinda wenyeji umewaleta wafe. Na ukileta majike, majike wenyeji hawapokei jike mgeni. Florida walileta majike kwa sababu puma anaishi peke yake. Simba ni mnyama wa kundi, hiyo rekodi ya puma usinisomee.

#32 BintiMaabara
Mzee hilo la watoto ni kweli na ni zito. Lakini hivyo ndivyo hata dume anayekuja kwa miguu anavyofanya. Kuna njia nyingine, kupandikiza mbegu bila kuhamisha dume. 2018 Afrika Kusini walizaliwa watoto wa simba kwa njia hiyo, chuo kikuu cha Pretoria.

#33 MzeeMstaafu
Simba wa bandani hao. Jike wa porini umchome usingizi mara ngapi mpaka umkute yuko tayari? Nimechoma simba wengi, mmoja akikufia mikononi huo utafiti hutautaka tena.

#34 DaktariWaNgombe
Mimi ningeanza na chanjo ya mbwa vijiji vyote vinavyozunguka na kudhibiti kupe miaka ya ukame. Jeni zingoje.

#35 Mpekuzi_K
Chanjo ya mbwa wanachanja upande wa Serengeti siku nyingi, na distempa bado inaonekana kwa wanyama wa porini. Mbwa si chanzo pekee.

#36 DaktariWaNgombe
Chanzo pekee hapana. Kinachoshikika ndiyo.

#37 OlmurraniWaNainokanoka
BintiMaabara nilimuonyesha ndugu yangu ilchokuti uzi huu. Anauliza, kama wakiokota kinyesi kila wanapofuatilia simba kwenye malisho, kibali cha sampuli anaomba nani, na majibu yatarudi kijijini au yataishia Arusha?

#38 BintiMaabara
Kibali kinapitia TAWIRI (taasisi ya utafiti wa wanyamapori) na COSTECH (tume ya sayansi na teknolojia), na mamlaka ya hifadhi lazima wakubali. Sampuli ikitaka kutoka nchini kuna mkataba wa ziada wa nani anamiliki na nani ananufaika, msisaini bila kuuona. Kuhusu majibu kurudi, hilo liandikwe kwenye ombi tangu mwanzo na kijiji kitajwe kwa jina. Niandikie pembeni tuanze.

#39 Mkusanyaji
Waambie wasisahau glovu.

#40 DerevaNyika
Nipo hapa. Mzee nimesikia habari ya watoto, bado sijakubali. Mwenye taarifa za dume aliyeingia Kreta akitokea Ndutu, upande wa Serengeti, miaka ya karibuni atuwekee, nataka kujua kama alizaa.